Ndugu wawili wa ziwani kwenye meza za Unguja: Forodhani, Malindi na pweza wa Jambiani

Dada yangu ana tabia ya kufunua matamvua ya samaki kabla hajamsalimia mwenye meza. Ameuza samaki wa kukaanga karibu na mwalo wa Kirumba, Mwanza, kwa zaidi ya miaka kumi, na mimi mdogo wake nimekula mabaki ya biashara hiyo kwa muda huohuo, hivyo sato, sangara na dagaa hatuhitaji kuelezwa na mtu. Vya baharini ndivyo tulivyokuwa tukivisikia tu. Januari iliyopita likizo yangu ilipatana na juma ambalo yeye naye alikuwa amefunga biashara, tukavuka kwa boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, tukakaa siku nne kwa shughuli moja tu ya kula. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya sehemu tatu tulizokula, nikitumia zaidi jicho la dada kuliko langu, kwa sababu mimi nikishiba husifu kila kitu.

Kwanza niseme juu ya msimu, maana mezani una uzito kuliko jina la mpishi. Januari ni katikati ya kaskazi: jua ni kali, mvua za vuli zimekwisha, na bahari haina ule ukorofi wa miezi ya kusi, kwa hiyo hata wenye ngalawa na mashua ndogo hutoka na kurudi na kitu. Samaki wapo. Joto hilohilo, hata hivyo, ndilo adui wa samaki aliyekwisha kuvuliwa, na mtu anayekula Unguja wakati wa kiangazi inampasa aulize samaki huyu alitolewa majini saa ngapi na tangu hapo amelala wapi. Sisi swali hilo hatukuliuliza jioni ya kwanza, na tulilipia.

Jioni hiyo ya kwanza tulikwenda Forodhani, kama wageni wote wanavyofanya. Bustani hii, iliyo mbele ya Ngome Kongwe na ya Beit el Ajaib, lile jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, ilitengenezwa upya na shirika la utamaduni la Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, na kama mahali pa kukaa sina neno baya la kuiambia. Tulifika saa kumi na moja jioni. Mwezi ulikuwa mpevu na maji yamejaa mpaka karibu na ukingo wa ukuta, na vijana walikuwa wakipokezana kuruka baharini kwa mbwembwe, huyu akijikunja kama mpira, yule akipiga makofi angani kabla ya kuzama, huku watoto wadogo wakiwahesabia. Familia za mjini zilikuwa zimekwisha kutandika kanga kwenye majani. Baada ya Magharibi meza zinawashwa taa, makaa yanapepewa, na wapishi waliovaa kofia nyeupe wanaanza kukuita kwa lugha tatu au nne mpaka watambue ya kwako.

Yetu waliitambua upesi. Ukifungua mdomo kwa lafudhi ya bara, hupewi bei ya Mzungu wala bei ya mwenyeji. Unapewa bei ya katikati, ambayo inashuka ukitabasamu na kupanda ukiuliza mara mbili. Simlaumu mtu kwa hilo, kwa kuwa Kirumba nako kuna bei ya mtu aliyeshuka kwenye gari jipya. Ninacholalamikia ni chakula chenyewe, na hasa meza moja ambayo sitaitaja, kwa sababu jirani zake wa kulia na kushoto hawakunikosea. Mishkaki ya jodari, kamba, ngisi, vipande vya nduaro, miguu ya kaa na pweza ilikuwa imepangwa kwa rangi, ikavutia kweli. Tuliagiza jodari, kamba na ngisi. Mpishi aliiweka juu ya makaa kwa muda mfupi mno, akaipaka siki na pilipili, akatupa sahani.

Dada alivunja kipande cha jodari kwa vidole kabla ya kukitia mdomoni. Samaki aliyechomwa akiwa mbichi hukatika kwa tabaka zenye unyevu. Hiki kilisagika kama unga wa mbao, kwa nje kina moto na katikati kina uvuguvugu. "Huyu amepikwa jana, leo amechukuliwa moto tu," alisema, akasukuma sahani kwangu. Mimi nilikula vipande viwili kwa ajili ya kuokoa fedha, mpaka nilipohisi ulimi ukiwasha kama mtu aliyeramba pilipili manga, ilhali upande ule sikuwa nimepaka pilipili. Hapo nikaacha. Jambo hili msomaji alichukulie kwa uzito: jodari, nguru, vibua na jamaa zao wakiachwa kwenye joto kwa saa kadhaa hujenga kemikali iitwayo histamini, na kemikali hiyo haiondoki hata samaki akichomwa upya mpaka awe mkaa. Ulimi kuwasha ndiyo dalili ya mwanzo, kisha uso kuwa mwekundu na kichwa kuuma. Mimi niliishia kwenye dalili ya mwanzo. Ngisi alikuwa mgumu lakini hana kosa lingine, na kamba walikuwa wazuri, ingawa bei yao ilihesabiwa kwa mshikaki wakati wa kuagiza na kwa kamba mmoja mmoja wakati wa kulipa, mabadiliko ambayo dada aliyazungumza kwa sauti ya Kirumba mpaka hesabu ikarudi ilipoanzia.

Je, mtu asile Forodhani? La, ale, ila achague. Urojo tulioununua baadaye kwa mzee mmoja mwenye sufuria mbili tu ulikuwa bora kuliko kila kilichochomwa usiku ule: uji wake wa manjano ulikuwa na ukali wa embe bichi unaokuja nyuma ya utamu, bajia zilikuwa bado hazijalainika, na chipsi za muhogo zilitiwa mwisho kabisa ili zilie mdomoni. Juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi ilituponya ulimi. Na kwa wanaotaka samaki hapohapo, kanuni ya dada ni kutafuta meza yenye vitu vichache, kuomba uonyeshwe kipande kilicho kibichi kabisa, kisha kusimama hapo mpaka kiive. Meza yenye mishkaki 60 iliyokwisha kubadilika rangi, asubuhi itakuwa na mingapi? Hilo ndilo swali lake, na kwa mfanyabiashara wa samaki ni swali la hesabu tu.

Siku ya pili nitaipitia kwa haraka kidogo kwa kuwa mpishi tulikuwa sisi wenyewe. Tuliamka mapema, tukaenda soko la samaki la Malindi, karibu na bandari, wakati mnada umechangamka. Mnadi hapa haimbi wala hatanii. Anataja bei, anatazama nyuso, anataja nyingine, na samaki amekwisha kuondoka. Samaki wakubwa huuzwa mmoja mmoja, na wadogo kwa fungu au kwa mtungo, yaani wametungwa kwa ukuti kupitia kwenye matamvua. Kwa dada hii ilikuwa karamu ya macho. Alimkuta pono mwenye rangi ya bluu na kijani akakataa kuamini kwamba analiwa. Akamkuta taa, tambarare kama sinia. Akamkuta chewa mwenye mdomo wa kumeza sufuria. Akainama, akafunua matamvua ya kila mmoja, mekundu kama damu mbichi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa samaki wa namna hii yeye angefunga duka saa nne asubuhi, kila kitu kikiwa kimeuzwa.

Tulinunua mtungo wa changu na tasi wachache. Mama mwenye nyumba tuliyopanga upande wa Ng'ambo alitukaribisha jikoni kwake na kutufundisha kupaka: changu anabanikwa kwanza kwenye makaa mpaka ngozi ikakamae, kisha anapakwa tui zito lililopikwa na ukwaju, kitunguu saumu, bizari ya manjano na pilipili, anageuzwa, anapakwa tena, mara nne au tano, mpaka tui linaganda juu yake kama ngozi ya pili. Dada alijifunza yote kwa mara moja isipokuwa chumvi. Alikuwa na imani, ambayo nadhani wengi wetu wa ziwani tunayo, kwamba samaki aliyeishi kwenye maji ya chumvi amekwisha kujikolea mwenyewe. Sivyo. Mwili wa samaki wa baharini huitoa chumvi isizidi, na nyama yake inahitaji kukolezwa kama ya sato. Changu wa kwanza alitoka amepooza. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini. Wa pili alikuwa mtamu kiasi kwamba tulinyamaza. Nyama ya changu ni ngumu kidogo kuliko ya sato na haina yale mafuta ya sangara yanayobaki kwenye midomo, na mifupa yake ni mikubwa, inajionyesha, humwachii mtoto kwa hofu. Tasi tuliwakaanga. Wanasifiwa sana, na wanastahili, ila mtu awatoe utumbo vizuri, kwa kuwa uchungu wake ukibaki unaharibu kila kitu.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Tulipanda gari ya shamba nambari 309 kwenda Jambiani, kijiji kirefu cha pwani ya mashariki, gari ambayo hubeba abiria, magunia, mbao na kuku kwa heshima moja. Hatukuichagua siku hiyo kwa bahati. Mama mwenye nyumba alitushauri twende siku za bamvua, mara tu baada ya mwezi kuwa mpevu, kwa sababu ndipo maji yanapokauka mbali zaidi, na katika pwani hii maji ya bamvua huwa yamekauka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, saa ambayo mgeni anaweza kuona chakula chake kikichukuliwa badala ya kusimuliwa. Tukifika kwenye maji mafu, siku ambazo maji hayakauki mbali, alituambia, tutakuta bahari na tutakula pweza wa kwenye friji.

Tulifika, na bahari haikuwapo. Mchanga mweupe na vidimbwi vya maji vilienea mpaka kwenye mstari mweupe wa mawimbi yanayopiga mwamba kwa mbali. Wanawake walikuwa wamejisambaza humo, wengine kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengine wakitafuta pweza, wamejifunga kanga viunoni, mkononi kila mmoja kijiti cha chuma. Nilivua kiburi, nikabaki na viatu kwa kuhofia miiba, nikamfuata mama mmoja wa makamo baada ya kumwamkia na kumwomba ruhusa. Pweza hujificha katika tundu la mwamba, na anayemjua hutazama mlango: vijiwe na maganda ya kombe yaliyopangwa kwa namna ambayo maji hayawezi kuyapanga. Mimi nilipita juu ya mlango wa namna hiyo bila kuuona. Yeye alirudi hatua mbili, akaingiza chuma, akangoja, akavuta, na mkono wake wote ukavikwa minyiri, yaani mikono ya pweza, mpaka kwenye kiwiko. Alikigeuza kichwa cha pweza nje-ndani kama mtu anayegeuza soksi, na pweza akalegea. Kisha akampiga juu ya jiwe, mara nyingi sana, kwa mdundo wa mtu anayefua, mpaka povu la kijivu likatoka.

Alituambia kwamba wakubwa wamepungua kuliko enzi za mama yake. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba siku hizi hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue kabla ya kuvunwa, na mpango huo una mantiki, kwa kuwa pweza hukua kwa kasi kubwa na huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo. Ukimwacha miezi mitatu unamkuta mwingine kabisa. Mgeni anaweza kusaidia kwa jambo dogo la kutokubali sahani ya vipweza vya ukubwa wa kiganja.

Mgahawa tuliokula hauna kibao, kwa hiyo hata nikitaka kuutaja siwezi: ni banda la makuti nyuma ya nyumba, meza mbili, benchi tatu, na jiko la kuni. Mwenye banda hununua kwa akina mama wanaotoka baharini, na pweza wetu alikuwa ni yuleyule niliyemwona akipigwa. Dada aliomba kusimama jikoni, akakubaliwa. Pweza aliyekatwa vipande alitiwa kwenye sufuria kavu pamoja na ndimu na kitunguu saumu kilichopondwa, mfuniko ukafungwa.

"Mbona hutii maji?" dada aliuliza.

"Pweza ana maji yake, dada. Ukimwongezea mengine unampa ugumu."

Na kweli, mfuniko ulipoinuliwa baada ya muda, vipande vilikuwa vinaogelea katika mchuzi wao wenyewe wa rangi ya zambarau iliyokolea, vimejikunja na kupungua karibu nusu. Vilichemka humo mpaka maji yakakaribia kukauka, jambo ambalo lilichukua zaidi ya saa nzima, na hapo ndipo tui la pili, lile jepesi, lilipoingia na bizari, nyanya na pilipili nzima isiyopasuliwa, kisha tui la kasimile, lile zito la kwanza, mwishoni kabisa, likakorogwa upande mmoja bila kusimama ili lisikatike. Sahani ilikuja na wali wa nazi na mkate wa ufuta. Ushauri wangu ni mkate. Wali ulikuwa mzuri lakini ulirudia nazi iliyokwisha kuwamo kwenye mchuzi, ilhali mkate, wenye ule mvuke wa ufuta uliochomwa, uliuzoa mchuzi na kuuacha uonekane ulivyo.

Juu ya pweza mwenyewe: si laini kama samaki, na anayesema ni laini kama samaki hajala aliyepikwa vizuri. Ana ukinzani mdogo jino linapoanza, kisha anaachia mara moja, na vile vikombe vya minyiri vinakuwa na utelezi wa kupendeza. Ladha yake ina utamu wa mbali unaokaribia wa maini. Dada, ambaye kwa siku mbili alikuwa amejitayarisha kumkataa mnyama asiye na mfupa wala magamba, alikula sahani yake, akamaliza yangu, akauliza kama supu yake nayo inapatikana. Ilipatikana. Vijana wawili waliokuwa benchi la pili walitazamana na kutabasamu, kwa kuwa supu ya pweza ina sifa zake za uani ambazo wanaume wa pwani na wa Dar es Salaam wanazieleza kwa kunong'ona. Dada aliwajibu kwamba yeye ana watoto wanne, hatafuti nguvu, anatafuta chumvi. Sahani mbili, supu na madafu mawili tulilipa shilingi 34,000, chini ya tulicholipa Forodhani kwa samaki tuliyemwacha.

Kasoro zipo. Ukifika bila kuagiza mapema utangoja saa mbili, na hakuna cha kutafuna wakati unangoja. Maji ya kunawa yalikuwa kidogo. Chakula ni kimoja tu, na mtu aliyekwenda na wenzake wasiokula pweza atawaaibisha. Gari ya mwisho ya kurudi mjini haingoji mtu amalize supu, nasi tuliipata kwa kukimbia. Na anayepanga safari aangalie kalenda kwanza, maana katika mwezi wa Ramadhani mabanda kama haya hayafunguliwi mchana, na haifai mgeni kutembea akitafuna. Mwezi huo meza ni za usiku, na ni nzuri mno, lakini hilo ni andiko jingine.

Kama una siku moja tu na unapaswa kuchagua, nenda Jambiani siku ya bamvua na Forodhani uende kwa ajili ya urojo, miwa na vijana wanaoruka. Kama una jiko, anzia Malindi alfajiri.

Siku ya nne hatukula mahali papya. Dada alirudi Malindi peke yake, akanunua pweza wakavu watatu, wagumu kama viatu, akawafunga kwenye gazeti na mifuko miwili, na bado abiria wenzetu kwenye basi la Mwanza walikuwa wakifungua madirisha. Kirumba aliwaloweka usiku kucha, akawapika bila maji kama alivyofundishwa, akatia tui la nazi za sokoni, akapanga sahani sita mbele ya kibanda. Mbili zilinunuliwa na dereva wa lori kutoka Tanga. Wateja wake wa siku zote walisogea, wakaitazama minyiri, wakahesabu vikombe vyake kwa kidole, wakaagiza sangara.